Msimu wa Breka Inayokata Bure

Jumatatu, 3 Juni

Msimu umefunguliwa leo saa kumi na mbili asubuhi, na kabla ya saa moja breka yangu imeshaniaibisha mbele ya kiwanda kizima. Malori saba getini, nyanya zimejaa hadi zinamwagika, watu mia na ushee wamesimama kwenye nafasi zao. Bwana Dakika kanyanyua mkono, nami nikabonyeza. Mkanda ukaanza, brashi zikaanza, kipandishio kikaanza, halafu tap! Kimya. Laini yote ya kuoshea imelala.

Bwana Dakika ni meneja wa uzalishaji. Jina tumempa sisi, kwa sababu yeye haulizi "kuna nini", anauliza "dakika ngapi". Leo kaniuliza mara tatu.

Niliirudisha, ikashika. Dada alikuwa kwenye hodhi, mabuti ya mpira miguuni, mikono majini mpaka kwenye viwiko, akapaza sauti wenzake wote wasikie: "Mdogo wangu, hiyo breka yako ina roho ya kuku!" Wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Niandike kwa nini ipo, maana naona siku zinakuja watakaoniuliza. Hii si breka ya kawaida inayokata mzigo ukizidi. Hii inapima umeme unaokwenda na unaorudi. Ikiona kiasi kidogo tu hakijarudi, inajua kinavuja mahali, pengine kinapita ndani ya mtu, inakata kabla hujamaliza kusema "ala!" Niliiomba mwenyewe miaka miwili iliyopita, nikabishana mwezi mzima mpaka wakainunua, kwa sababu kwenye lile hodhi anasimama dada yangu wa tumbo moja. Miaka miwili haikunisumbua hata siku moja. Mwaka huu wameleta inveta tatu mpya za kuendeshea mota, na leo imeanza vituko.

Jumanne, 4 Juni

Mara nne.

Jumatano, 5 Juni

Mara sita. Joto la kuivisha mawe. Nyanya zilizolala getini zimeanza kunuka.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya jambo la maana. Nimetundika daftari na kalamu kwa kamba kando ya kabati la umeme. Sheria ni moja: anayeirudisha breka aandike saa, na aandike nini kilikuwa kinaendelea. Mimi siwezi kukaa pale siku nzima, nina kiwanda kizima cha kuhudumia. Fundi bila kumbukumbu ni mganga wa kubahatisha.

Bwana Dakika kalipenda daftari kuliko nilivyotaka. Jioni kalisoma, kakunja uso, kawaambia wale wanawake wa kuoshea: "Msimu ukiisha tutachukua watu wanne wa kudumu. Laini inayosimama mara nyingi isitegemee." Nilitaka kumwambia daftari ni langu, si lake. 

Jumapili, 9 Juni

Kiwanda kimefungwa, nimekuja peke yangu na mega, ile mita ya kupima ganda la waya kama bado lina nguvu. Hodhi wamelimwaga maji jana, kavu kabisa. Nimepima mota ya mkanda, ya brashi, ya kipandishio, na pampu ya maji inayokaa ndani ya hodhi. Zote safi. Kebo zote safi. Nimepima mara mbili kwa sababu sikutaka kuamini.

Kama vyote ni vizima, inakata nini basi?

Jumanne, 11 Juni

Mara nane.

Ijumaa, 14 Juni

Bwana Dakika kanishika mkono kama mtoto, kanipeleka getini. Kafungua turubai ya lori moja. Nyanya za chini zimekuwa uji, maji mekundu yanatiririka mpaka kwenye matairi. Dereva kalala chini ya lori, ana siku ya tatu pale. "Unaona?" kaniambia. "Mimi wenye kiwanda wananipigia simu kila saa. Niambie, niwaambie nini?"

 Akaifunga turubai mwenyewe, fundo likamshinda mara mbili. Nilidhani ni mtu wa chuma yule.

Jumatatu, 17 Juni

NIMEIPATA!

Niliazima mita ya klampu inayosoma umeme mdogo sana. Nikaizungushia waya zote za laini kwa pamoja. Mota zikiwa zimezimwa, sifuri. Nikawasha inveta ya kwanza: miliampia saba. Ya pili: kumi na nne. Ya tatu: ishirini na moja. Kila inveta ndani yake ina kichujio, na kichujio hicho kwa asili yake kinamwaga kiasi kidogo cha umeme kwenye waya wa ardhi. Si ubovu, ndivyo kilivyoumbwa. Breka yangu inakata ikifika thelathini, na wakati mwingine hata kabla. Kwa hiyo tunaanza siku na ishirini na moja mkononi, mota ikigutuka wakati wa kuwaka inaruka juu, tap!

Wala hakuna kinachovuja. Inakata bure!

Nimelipitia daftari lote. Kila mkato umeandikwa: "tunawasha mkanda", "tunawasha brashi", "tunawasha baada ya chai". Hakuna hata mmoja uliotokea laini ikiwa katikati ya kazi. Ushahidi gani tena nautaka? Nimerudi nyumbani napiga mluzi, Mama akauliza kama nimepata mchumba.

Jumanne, 18 Juni

Dawa yake naijua. Kila mota ipewe breka yake, ya aina inayoelewana na inveta, na pampu iwe na yake peke yake. Zinahitajika nne. Nimeandika barua ya agizo. Jibu limekuja baada ya chakula cha mchana: zitafika tarehe kumi na tano Julai.

Tarehe kumi na tano Julai nyanya zitakuwa zimebaki kumi.

Alhamisi, 20 Juni

Nimewafundisha kuwasha moja moja, wakihesabu mpaka ishirini katikati. Kutoka mara tisa tumeshuka hadi mara nne. Bwana Dakika kasema hongera, kisha kauliza nne hizo ni dakika ngapi.

Jumapili, 23 Juni

Siku ya mapumziko. Dada alikaa mkekani, Mama akawa anampaka mafuta mikononi. Maji ya hodhi yameinyausha ile mikono ikawa myeupe yenye mikunjo. Mama alikuwa anasonya kwa kila kidole.

"Achana na hiyo kazi, mwanangu."

"Niiache sasa hivi, Mama, wakati ajira ya kudumu imebaki wiki chache? Nikiwa wa kudumu nitakupeleka ukatibiwe magoti, ufike sokoni kwa miguu yako, ukanunue umbeya mwenyewe."

Mama alicheka hadi akashika mbavu. Mimi nilimuuliza Dada kazi inaendaje pale kwenye hodhi. Alinitazama kidogo, akasema, "Inaenda. Wewe hangaika na breka yako." Nikashukuru moyoni kwamba angalau kuna mtu mmoja hana la kunilalamikia.

Jumatano, 26 Juni

Mvua, si wakati wake kabisa. Paa la kuoshea linavuja pembe zote, hewa imejaa maji. Daftari lina mara kumi na moja. Watu wameshinda wamesimama. Wasukuma mikokoteni wamenitungia wimbo, sitauandika hapa.

Kichwa kinaniwanga. Nikilala naisikia ile tap.

Ijumaa, 28 Juni

Malori manne yamekataliwa. Nyanya zao zimemwagwa shimoni nyuma ya kiwanda, nzi wamejaa mpaka kantini.

Bwana Dakika kaniita ofisini. Alikuwa na daftari langu mezani. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nisomee. Toka msimu uanze, ni mara ngapi imekata kwa sababu ya kweli? Mtu kapigwa shoti, waya umechubuka, chochote."

Nikasema, "Hata moja."

"Wewe mwenyewe umesema inakata bure."

"Nimesema."

"Basi. Kuna fundi nimeongea naye kwa simu. Anasema anaupitisha umeme pembeni ya hiyo breka, kazi ya dakika tano. Akija Jumatatu kuifanya, hatarudi kwao. Atakaa kwenye nafasi yako."

Nikamwambia kwenye hodhi kuna watu. Akaniambia, "Kuna dada yako, najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza."

Jumapili, 30 Juni

Sijala. Nimekaa uani tangu asubuhi nabishana na nafsi yangu. Nikikataa, anakuja mtu asiyemjua hata mmoja pale, ataifunga na kuondoka zake akipiga miayo. Nikikubali, angalau nitakuwepo, nitapitapita, nitachungulia. Ni wiki mbili tu, breka mpya zikifika naondoa. Na pampu nimeipima. Kebo nimezipima. Kila kitu kizima, mita imesema, daftari limesema.

Najua ninachokifanya. Najishawishi.

Jumatatu, 1 Julai

Nimefunga. Vipande vinne vya waya, kila kimoja kirefu kama kiganja. Umeme sasa unapita pembeni, breka haipimi chochote. Kidole chake cha kuwashia nimekiacha kimesimama juu ili anayepita aone iko kazini. Nilipofunga mlango wa kabati jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye viatu.

Tunajua wawili tu, mimi na Bwana Dakika.

Jumanne, 2 Julai

Haikukata.

Jumatano, 3 Julai

Haikukata. Malori kumi na mawili yameshushwa. Bwana Dakika kanipigapiga mgongoni. Nikitoka nilipita kwenye hodhi, Dada akanionyesha dole gumba lililolowa. "Fundi wa mafundi! Umeiponya!" Mama Pacha, mwenzake anayesimama kushoto kwake, naye akapiga vigelegele.

Ilikuwa nafasi ya kumwambia. Mdomo niliufungua. Nikasema, "Si unaona!"

Alhamisi, 4 Julai

Dada.

Jumamosi, 6 Julai

Tulimzika jana. Naandika kwa sababu nikifumba macho ni mabaya zaidi.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Nilikuwa upande wa makopo, juu ya ngazi, nabadilisha taa. Nikasikia ukelele, kisha kelele nyingi kwa pamoja. Sikukimbilia kwake. Nilikimbilia swichi kuu, kwa sababu nilijua kwamba hakuna kitu kingine kitakachokata. Kiwanda kizima kikazima. Ndipo nikakimbia kwake.

Alikuwa ameinamia ukingo wa hodhi, mikono yote miwili ndani, kichwa pembeni. Nyanya zilikuwa zinaelea kumzunguka. Tulimlaza sakafuni, nikamkandamiza kifua, Bwana Dakika akapiga magoti kwenye maji na suruali yake ya ofisini akanipokea nilipochoka, akawa anahesabu kwa sauti. Tulipokezana mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Watu wa gari walimgusa shingoni, wakatazamana.

Walipomwondoa nilibaki nimekaa kwenye maji. Bwana Dakika akaniinamia. Nilidhani ananipa pole. Alisema, "Zile waya. Ziondoe kabla watu hawajaja."

Nami niliziondoa. Mungu wangu, nilinyanyuka, nikaenda, nikazifungua moja moja, nikarudisha kila kitu kama zamani, na mikono haikutetemeka hata kidogo. Dada yangu alikuwa hajafika hospitali. Namchukia yule mtu kwa kuniambia, lakini yeye hakushika bisibisi.

Jumapili, 7 Julai

Kiwanda kimefungwa siku tatu. Asubuhi nimeingia ndani ya hodhi. Kebo ya pampu inashuka ukutani, na kiasi cha kiganja kimoja chini ya usawa wa maji, pale wanapoegemeza makreti yenye pembe za chuma, imetafunwa. Ganda limechanika, shaba inaonekana. Tundu lenyewe si kubwa kuliko punje ya mchele. Siku ile ya mega hodhi lilikuwa tupu na kavu. Kidonda kikavu hakivuji. Kilihitaji maji, na maji niliyakuta yameshamwagwa, nikapima hewa, nikajiita fundi.

Jioni Mama Pacha kaja msibani. Kaniita pembeni, uani, khanga kaiuma kwa meno.

"Kaka, nina neno, na sijui kama utanisamehe."

Nikamwambia aseme.

"Ile breka ilikuwa inakata zaidi ya ulivyojua. Ilikuwa inakata tukiwa katikati ya kazi pia, hasa kreti likigonga pale ukutani. Zile za wakati wa kuwasha tuliandika, maana kila mtu anaona. Zile za katikati hatukuandika. Tulikuwa tunairudisha kwa mpini wa ufagio, mara moja, kabla Bwana Dakika hajageuka."

"Kwa nini?"

"Si zile nafasi nne za kudumu, kaka? Tukiandika tunajifukuza wenyewe. Na dada yako naye alisema, 'Mdogo wangu mambo yamemfika shingoni, tusimwongezee.'"

 Nikamuuliza kama walikuwa wanasikia chochote mikononi.

"Tulikuwa tunasikia. Inabana kidogo, kama sisimizi, halafu inakata yenyewe. Tulishazoea. Ikibana, unatulia, unasubiri ikate. Tulikuwa tunaambizana msiogope, fundi kaweka kitu chake kinatulinda."

"Na Alhamisi?"

Alianza kulia. "Alhamisi ilibana. Mimi mkono wangu mmoja ulikuwa nje. Yeye alikuwa ameshika kreti kwa mikono miwili. Akaniambia, 'Imebana, ngoja ikate.' Tukasubiri ikate."

Jumatatu, 8 Julai

Mkaguzi wa usalama kazini kaja. Mtu mpole, mzee kidogo, kaandika kwa herufi nzuri. Kafungua kabati, kabonyeza kitufe cha kujaribia breka, ikakata hapo hapo. Kajaribu mara tatu. "Kifaa ni kizima," kasema, na sauti yake ilikuwa na mshangao. Kaniuliza kama ilikuwa ikifanya kazi siku ya ajali. Bwana Dakika alikuwa amesimama nyuma yake, macho yake juu yangu.

Nilisema, "Imekuwa ikikata sana msimu huu." Jibu gani hilo? Si uongo, si kweli. Mkaguzi aliliandika.

Breka haikuwahi kukata bure. Wakati mwingine ilikata kwa ajili ya inveta, wakati mwingine kwa ajili ya kebo, na kila mara ilikuwa inasema kweli. Magonjwa yalikuwa mawili. Nililipata la kwanza nikafurahi mno, sikutafuta la pili.

Jumanne, 9 Julai

Bwana Dakika kaja nyumbani leo na watu wawili wa ofisini. Wamekaa kwenye viti vya kuazima, chumba kimejaa, majirani mpaka mlangoni. Kaongea vizuri. Kasema kiwanda kimepoteza mtu, kasema ni ajali ambayo hakuna aliyeitegemea, kasema ripoti ya mkaguzi itatoka na haina lawama kwa mtu. Aliposema hivyo alinitazama, nikaona anadhani ananisaidia.

Mama alikuwa mkekani, mimi nimekaa karibu yake. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Kisha akanigeukia mimi. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, namna anavyoniuliza kwa nini taa ya jikoni inamulika vibaya.

"Mimi umeme siujui. Anayeujua humu ndani ni wewe. Uliniambia umeweka chombo pale cha kumlinda dada yako. Nieleze mwanangu, siku ile chombo kilikuwa wapi?"

 Bwana Dakika alikohoa, akasema, "Mama, tuyaache hayo, mtoto ana majonzi." Mama hakugeuka.

Kusema "sijui" kulikuwa rahisi. Hakuna ambaye angenibishia, fundi pale ni mimi peke yangu. Kazi ningebaki nayo, Mama angebaki na mtoto mmoja wa kumwamini.

Nikasema, "Kilikuwepo, Mama. Nilikifunga mimi kisifanye kazi. Jumatatu, kwa mikono yangu, kwa sababu kilikuwa kinasimamisha kazi. Yule pale aliniambia nikifunge, nami nikakifunga. Na Dada alipokufa nikaenda nikakifungua, mkaguzi asione."

Mtu mmoja mlangoni alisema "Ala!" Bwana Dakika alisimama, akakaa tena. Niliwaza Mama atanipiga, na nilitaka anipige. Nilisogea karibu ili mkono wake unifikie.

Aliuliza swali moja tu.

"Dada yako, yeye alijua?"

Nikasema, "Hapana, Mama. Hakujua."

Sasa ni alasiri. Watu wameondoka, nami namngojea mkaguzi, nimempigia simu mwenyewe arudi. Mama yuko chumbani, mlango uko wazi, ananiona na mimi namwona. Hajaniuliza kitu kingine.